Barua za Wasomaji: Ålesund, mji wa kutazamwa kwa miguu

Katika toleo lililopita tuligusia miji ya pwani ya magharibi ya Norwei, na barua tulizoletewa kutoka Moshi, Arusha na Usa River zimeuelekea mji mmoja, Ålesund. Tumechagua tatu kati ya hizo. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali yake yanawahusu wengi.

Swali: Ndugu Mhariri, binti yangu anasoma katika chuo kikuu cha NTNU, tawi la Ålesund, naye ameniomba niende kumtembelea mwezi Juni. Nimetazama bei za boti za kwenda kwenye fyodi, ile mikono ya bahari iliyobanwa na milima, nikaona zinazidi pensheni yangu. Umri wangu umeshapita miaka 60, na magoti yangu si ya kupandia milima. Je, kuna cha kuona humo mjini, au nitakaa dirishani nikimsubiri binti atoke darasani? Pia ninataka kumpelekea ndizi mshare, nyama iliyokaushwa na maziwa mgando, kwa kuwa analalamikia chakula. Je, vitapita? — Mama mstaafu, Soweto, Moshi

Jibu: Shikamoo, mama. Hutakaa dirishani. Ålesund ni mmoja wa miji michache ambayo kivutio chake cha kwanza ni majengo yake yenyewe, na kuyatazama hakuna kiingilio. Wageni wengi hukimbilia boti ya kwenda fyodi ya Geiranger siku ile ile wanayofika, wakarudi jioni wamechoka, kisha wakaondoka bila kuinua macho kuona kilichochongwa juu ya milango ya maduka waliyoyapita. Kwa maoni yangu, hao wamelipa fedha nyingi ili waukose mji.

Huwezi kuuelewa mji huo bila kujua habari ya moto. Usiku wa manane wa tarehe 23 Januari 1904 moto ulizuka katika kiwanda kimoja cha kusindika vyakula, na kwa kuwa nyumba karibu zote zilikuwa za mbao, na upepo wa dhoruba ulikuwa ukivuma kutoka baharini, moto uliruka kutoka paa hadi paa kwa kasi kuliko watu walivyoweza kuufukuzia. Ulipomaliza kazi yake, nyumba zipatazo 850 zilikuwa majivu na watu wapatao 10,000 hawakuwa na pa kulala, katikati ya majira ya baridi. Aliyepoteza maisha alikuwa mtu mmoja tu, jambo ambalo hadi leo wenyeji hulisimulia kwa mshangao.

Baada ya hapo ikaamriwa kwamba katikati ya mji nyumba zisijengwe tena kwa mbao. Wasanifu majengo wa Kinorwei, wengi wao vijana na baadhi yao wakiwa wamesomea Ujerumani, waliujenga upya kwa mawe na matofali kati ya mwaka 1904 na 1907, kwa kufuata mtindo uliokuwa ukipendwa Ulaya wakati huo, yaani mtindo wa Jugend. Alama zake ni minara midogo kwenye pembe za nyumba, mistari inayojipinda mithili ya mimea itambaayo, maua, na nyuso za watu na wanyama zilizotiwa nakshi ukutani. Miji mingine ya Ulaya ina nyumba za namna hiyo moja moja, zimetawanyika kati ya majengo ya nyakati nyingine. Ålesund inazo mtaa kwa mtaa, kwa sababu ulijengwa kwa mkupuo mmoja na watu wa kizazi kimoja.

Hapa lipo jambo ambalo mtu wa Moshi hawezi kulipita kimya. Aliyetoa msaada mkubwa na wa haraka baada ya moto alikuwa Kaisari wa Ujerumani, Wilhelm II, ambaye alikuwa na desturi ya kuja kupumzika katika fyodi za Norwei wakati wa kiangazi. Alituma meli zilizosheheni chakula, dawa na vifaa vya kujengea mabanda, na mji ukamshukuru kwa kuuita mtaa mmoja Keiser Wilhelms gate, jina lililopo mpaka sasa. Ndiye Kaisari yule yule ambaye Hans Meyer alilibandika jina lake kwenye kilele cha Kibo mwaka 1889, likakaa huko hadi tulipokiita Uhuru mwaka 1961. Ni utawala wake uliomnyonga Mangi Meli pale Old Moshi mwaka 1900, na katika miaka ambayo kuta za Ålesund zilikuwa zikiinuka, kuanzia 1905 hadi 1907, majeshi yake yalikuwa yakichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi yetu katika Vita vya Maji Maji. Sikuandikii haya ili usiufurahie mji. Watu wa Ålesund waliletewa chakula wakati wa baridi kali nao wakashukuru, kama ambavyo yeyote angefanya. Lakini ukisimama na binti yako chini ya kibao cha mtaa ule, utakuwa na ya kumweleza ambayo hayamo katika vijitabu vya watalii.

Matembezi yako yaanzie Apotekergata, kwenye jumba la makumbusho liitwalo Jugendstilsenteret, lililofunguliwa mwaka 2003 ndani ya jengo lililokuwa duka la dawa tangu 1907. Hapo utalipa kiingilio, na ninakushauri ulipe, kwa sababu kaunta na makabati ya mbao ya duka hilo yamehifadhiwa yalivyokuwa, na ghorofani kuna chumba cha kulia chakula cha familia ya mfamasia. Humo ndani ndimo utakapoona kwamba mtindo ule haukuishia kwenye kuta za nje, bali uliingia hadi kwenye ngazi, viti na vitasa vya milango. Ukitoka hapo, fuata Brosundet, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji ukiwa na maghala ya zamani ya samaki kandokando, kisha uingie Kongens gate, mtaa wa maduka, ambako unapaswa kutembea polepole huku ukitazama ghorofa ya pili na ya tatu, kwa maana ghorofa ya chini ni vioo vya maduka kama popote pengine. Upande wa gati, kwenye Molovegen, kuna makumbusho madogo ya uvuvi ndani ya ghala lililonusurika na moto, na mwisho wa gati umesimama mnara mdogo wa taa za meli, wenye rangi nyekundu, ambao siku hizi ni chumba cha hoteli.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo siku hiyo iwe ya ibada. Kanisa la Ålesund, la Kilutheri kama letu la KKKT, lilikamilika mwaka 1909 na limejengwa kwa mawe mazito. Ndani yake kuna michoro mikubwa ya ukutani, na kati ya vioo vyake vya rangi vimo vilivyokuwa zawadi ya Kaisari huyo tuliyemtaja. Lugha hutaielewa, ila mpangilio wa ibada utautambua.

Kuhusu magoti: juu ya mji kuna kilima cha Aksla, na picha zote za Ålesund unazoziona kwenye kalenda zimepigwa kutoka huko. Njia maarufu ni ngazi 418 zinazoanzia kwenye bustani ya mji. Wewe usizipande. Ipo barabara inayozunguka nyuma ya kilima hadi Fjellstua, palipo na mgahawa na ukuta wa kuegemea, na teksi hufika hapo. Mwache binti apande kwa miguu mkutane juu. Utauona mji umelala juu ya visiwa vyake, daraja kwa daraja, bahari ikiwa upande mmoja na milima yenye theluji upande wa pili. Mwezi Juni hamna haja ya kuharakisha, kwani jua huzama karibu na saa tano na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Beba kitambaa cheusi cha kufunika macho, la sivyo usingizi utakutoroka. Huko chini kwenye bustani, kabla binti hajaanza kupanda, itazameni kidogo sanamu ya Rollo, mtu wa karne ya kumi ambaye ndiye mwanzilishi wa utawala wa Normandi huko Ufaransa na ambaye wenyeji humhesabu kuwa mtoto wa visiwa vyao. Sanamu hiyo ni zawadi ya mji wa Rouen ya mwaka 1911.

Sasa tuje kwenye boti. Fyodi ya Geiranger, yenye urefu wa kilomita 15 hivi, iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2005, na uzuri wake si uvumi: kuta za milima zimesimama wima pande zote mbili, na maporomoko yaitwayo Dada Saba hudondoka humo moja kando ya jingine. Mwezi Juni ndio wakati wake, kwa sababu theluji inayeyuka juu na maji ni mengi, ilhali mwezi Agosti baadhi ya dada hao hukonda mpaka wasionekane. Kama pensheni inaweza kubeba safari moja tu, basi iwe hiyo, na muichague siku ambayo utabiri wa hali ya hewa ni mzuri badala ya kununua tiketi mapema na kwenda kutazama ukungu. Ikiwa haiwezi, panda basi la kawaida la kwenda Sykkylven, ambalo huvuka Storfjorden kwa kivuko kutoka Magerholm, mashariki mwa mji. Huko Norwei kivuko ni sehemu ya barabara, hutumiwa na watu wanaokwenda kazini, na nauli yake haina uhusiano na bei za watalii. Milima utakayoiona kutoka kwenye sitaha ni ile ile ya Sunnmøre, eneo linaloizunguka Ålesund.

Kwa upande wa mizigo, nyama na maziwa viache nyumbani. Bidhaa za nyama na za maziwa kutoka nchi zilizo nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya haziruhusiwi kuingizwa na msafiri, hata zikiwa zimekaushwa vizuri namna gani, na zikikamatwa hutupwa. Ndizi hazina shida. Ni miongoni mwa matunda machache ambayo msafiri hahitaji cheti cha afya ya mimea kuyapitisha katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako ndege yako huenda ikatua kwanza. Parachichi, kwa mfano, hazimo katika orodha hiyo. Ongeza kahawa iliyokaangwa ya Kilimanjaro kwa ajili ya wenyeji wa binti, maana Wanorwei ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani. Nyama ya mtori mtainunua huko huko.

Swali: Mhariri, mimi ni mwongoza watalii. Wageni niliowahi kuwapeleka Ngorongoro wamenialika kwao Ålesund, nami ninaweza kwenda mwezi Mei au mwishoni mwa Agosti. Waliniambia kwamba kwao mtu hupanda mlima wowote bila geti, bila kiingilio na bila mwongozaji. Nilidhani wananitania. Je, ni kweli? Na mpenda ndege kama mimi aende wapi? — Mwongoza watalii, Njiro, Arusha

Jibu: Hawakukutania, kaka. Desturi ya zamani, ambayo iliwekwa katika sheria mwaka 1957, inampa kila mtu, awe raia au mgeni, haki ya kupita kwa miguu katika ardhi isiyolimwa wala kuzungushiwa makazi, hata kama ina mwenyewe. Unaweza kupiga hema humo kwa usiku mmoja au miwili bila kuomba ruhusa, mradi uwe umbali wa angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Moto wa kuni msituni au karibu na msitu hauruhusiwi kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba. Kwa mtu aliyezoea utaratibu wa hifadhi zetu, ambamo hakuna anayekanyaga Kilimanjaro bila kulipa getini na kuwa na mwongozaji mwenye leseni, hali hiyo itakushangaza mwanzoni, na huenda ukatamani kuwaambia watu wa kazi yako waihamishie huku. Usiharakishe. Kule hakuna tembo wala nyati njiani, na fedha za kuitunza milima hazitokani na viingilio. Kwetu ada za getini ndizo zinazowalipa askari wa wanyamapori na kusaidia hifadhi zisizo na watalii. Lakini ni vema ukaishi kwa siku chache upande wa pili, ambako mzigo wa usalama uko juu ya mpandaji mwenyewe, maana hakuna wa kumrudisha akikosea kuisoma hali ya hewa.

Kwa kuanzia, panda Sukkertoppen, kilima cha mita 314 kwenye kisiwa cha Hessa, magharibi mwa mji. Kwa urefu huo utacheka, lakini mwamba wa huko ukilowa huteleza, na karibu na kilele utatumia mikono. Ukishapata uzoefu, wenyeji wako watakupeleka kwenye milima ya Sunnmøre, ambako Slogen, wenye mita 1,564, huinuka moja kwa moja kutoka usawa wa bahari. Mei theluji bado ni nyingi huko juu, kwa hiyo mlima huo ni wa Agosti.

Hilo lakini linagongana na swali lako la pili, kwa kuwa ndege hawasubiri Agosti iishe. Kisiwa cha Runde, kusini-magharibi mwa Ålesund, kina majabali ambayo ndege wa baharini huzaliana kwa maelfu mengi, na anayefuatwa na wageni ni pafini, ndege mdogo mweusi na mweupe mwenye mdomo wa rangi nyingi, ambaye hufika nchi kavu mwezi Aprili na kurudi baharini katika nusu ya kwanza ya Agosti. Ukienda mwishoni mwa Agosti utakuta mashimo matupu. Chagua Mei, na uende jabalini jioni, wakati pafini wanaporejea kwa wingi kutoka kuvua. Kisiwa hicho kimeunganishwa kwa daraja, hivyo si lazima ukodi boti, ingawa boti huonyesha majabali kutoka chini na ni nafuu kuliko ya Geiranger. Huko huko, mwaka 1725, ilizama meli ya Kiholanzi iitwayo Akerendam, na mwaka 1972 wapiga mbizi waliibua makumi ya maelfu ya sarafu zake. Wageni wako watakusimulia habari hiyo hata usipouliza.

Ukibaki na siku moja ya mvua, na utabaki nayo, nenda Sunnmøre Museum huko Borgund, ambako nyumba za kale za mbao zaidi ya 50 zimehamishiwa na mashua za uvuvi zimewekwa chini ya paa. Mwongozaji hujifunza mengi kwa kuwatazama waongozaji wengine.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu imealikwa na usharika mmoja wa Ålesund mwezi Januari. Je, tutaona taa za kaskazini? Baridi ni kali kiasi gani, na tunatakiwa kuandaa nini? — Mwanakwaya, Usa River

Jibu: Amina. Msizitegemee taa hizo, yaani mianga ya rangi inayoonekana angani usiku. Watu huzifuata Tromsø, kaskazini kabisa, ilhali Ålesund iko kusini ya mstari wa Aktiki na anga lake la Januari kwa kawaida limejaa mawingu. Zikitokea, mshukuru, lakini msizitangaze kwa waliobaki.

Baridi yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki hupita pwani hiyo na kuufanya wastani wa Januari uwe juu kidogo ya nyuzi sifuri. Taabu ni unyevu na giza. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza baada ya saa nne asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, na mvua huchanganyika na theluji hadi njia zikageuka barafu. Sufu iguse mwili, koti lisilopitisha maji liwe juu yake, na mkifika nunueni vyuma vidogo vya kuvalisha chini ya viatu, kwani mwanakwaya aliyeteguka mguu ni hasara kwa sauti yake yote.

Mchana mfupi huo utumieni Atlanterhavsparken, hifadhi ya samaki wa maji ya chumvi iliyoko Tueneset, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, ambako matangi makubwa yamejengwa ukingoni mwa bahari yenyewe. Na mkiulizwa mnapenda kula nini, semeni bacalao. Ålesund imekuwa kwa muda mrefu mji mkuu wa biashara ya ng'onda wa samaki aitwaye torsk, ambaye hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa, kisha huuzwa hadi Ureno na Brazili. Kutoka huko ndiko mapishi yake ya nyanya, vitunguu, viazi na mafuta ya zeituni yaliporudi Norwei. Kwa ulimi wa mtu wa kwetu, hicho ndicho chakula cha huko kinachoeleweka kwa urahisi zaidi. Torsk wenyewe huanza kuja kutaga mayai kwenye pwani hiyo kuanzia Januari, na kufikia Februari na Machi mashua hujaa Borgundfjorden, mlangoni mwa mji, kwa hiyo ratiba yenu ikisogea mbele mtawaona wavuvi wakiwa kazini.

Kuhusu maandalizi, mnahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya, ambayo huruhusu kukaa hadi siku 90 katika kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na kila mmoja awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kwa kundi kubwa msisubiri mwezi wa mwisho. Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi itawafaa kuliko noti, maana hata kwenye basi fedha taslimu hazitumiki sana. Barua ya mwaliko ya usharika, pamoja na anwani ya mtakapolala, kila mwanakwaya aishike mkononi na asiifungie kwenye sanduku, kwa sababu mkipitia Amsterdam au mji mwingine wa Schengen, ni huko mtakakohojiwa na maafisa wa uhamiaji, si kwenye uwanja wa ndege wa Ålesund.